Siagi ya Malale

"Siagi ni kemia tu," Malale alijigamba, kibuyu cha maziwa ya mgando kimelala mapajani. "Nyie mnaamka alfajiri kujitesa na baridi. Mimi chai haijachemka, siagi hiyo!"

Hapo jua la Kasansa lilishapita usawa wa paa, naye ndiyo kwanza anafuta tongotongo. Mama yake alikuwa ameteguka mkono, ndiyo maana kazi ya kusukasuka maziwa ikamwangukia yeye, msomi wa fom foo, bingwa wa usingizi.

Dada yake Minza hakucheka. Wakwe zake watarajiwa walikuwa wanakuja mchana, mara ya kwanza kukanyaga boma lile. Wakila chakula kisicho na samli, watarudi kwao wakiulizana: zizi lote lile, kwani wanakamua maji?

"Ukiniaibisha leo, Malale, usiniite dada tena."

"Tulia, dada. Joto likipanda, mambo yanakwenda mbio. Tumesoma."

Akakisogeza kibuyu karibu na mafiga. Akatikisa mpaka mabega yakaomba poo. Akachungulia: povu. Labda joto halijatosha. Akamimina maji ya moto, akatikisa upya. Povu zaidi, na juu yake vijicho vya mafuta vinaelea, vinamtazama.

Akakuna kichwa. Sukari kwenye chai ya moto inayeyuka upesi. Nguo juani zinakauka upesi. Sasa siagi ina kiburi gani? Kila akiizidishia moto, ndivyo inavyozidi kumkimbia! Kitabu kimekosea, au ng'ombe hawa hawajasoma?

"Bado tu?" Minza aliita kutoka uani.

"Ipo njiani!"

Kilichokuwa njiani ni bodaboda. Kusikia tu mlio wake, Malale akachomoka na kibuyu mpaka nyuma ya nyumba, kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, akakifukia hadi shingoni. Uongo alishaupanga: mbuzi kakipiga teke. Kisha akaenda kujifanya anapasua kuni.

Wageni wakaendelea kufika. Ugali ulipokaribia kuiva, mama akaita, "Malale! Lete hicho kibuyu nikione."

"Naam, mayu!"

Sauti ile haikuwa ya kuhadithiwa habari za mbuzi. Akafukua. Kibuyu kilikuwa cha baridi kama tumbo la chura. Akakitikisa huku anatembea, kupoteza muda tu. Mara, ndani, kitu kikaanza kugonga: du, du. Akafungua. Mabonge ya njano!

Malale akachungulia tena. Yaani baridi ndiyo imefanya kazi iliyoushinda moto? Hakuelewa hata chembe, lakini Minza alishamnyang'anya kibuyu, na punde harufu ya samli ikajaa boma zima.

Wageni walikula wakalamba vidole. "Nani kasuka haya maziwa?" baba mkwe akauliza.

Malale akakohoa kidogo. "Ni mahesabu, baba. Unayapasha kwanza, halafu unayapoza kwa makusudi."

"Kumbe makusudi!" Shangazi Nyamizi, upande wa bwana harusi, aliyetangulia na bodaboda, akaweka tonge chini. "Mimi nilikuwa naenda kunawa miguu huko nyuma. Nikakuona unafukia kibuyu kama mbwa na mfupa wake, unakiambia, 'Kaa humo, nitasema mbuzi kakupiga teke.' Haya, mwanangu, huyo mbuzi mwenye mahesabu yuko wapi, tumshukuru?"