Keziah Kwenye Jiwe la Mpaka

Saa kumi alasiri Thelma Dannatt alichemsha maji, akapanga vikombe mezani, na wafu wake wakaanza kuingia kwa mlango wa jikoni wakipangusa viatu. Hawakunywa. Walivishika tu vikombe wapate joto, na chai ikipoa Thelma aliimwaga kwenye sinki na kuwamiminia nyingine. Ilikuwa hivi: kila jina la ukoo alilolipata kwenye kompyuta, katika vitabu vya ubatizo na mazishi vya kanisa la Fenthorpe, akaliandika kwenye karatasi aliyoibandika mlangoni mwa jokofu, mwenye jina alikuja mwenyewe kesho yake, kwa kawaida akiwa na malalamiko. Thelma alikuwa amepika jikoni mwa shule mpaka akastaafu. Kuhudumia watu wasiosema asante hakukumpa shida.

Kiti cha karibu na kipasha joto kilikuwa cha Enoch, babu wa babu yake, mchimba mitaro aliyekufa mzee na kofia yake mkononi. Hakuiweka chini hata siku moja.

"Mama hajaja?" aliuliza.

"Bado namtafuta, babu."

"Wewe na hiyo mashine yako. Shangazi aliyekufa kwa surua umemleta. Huyu mlevi hapa umemleta, na hakuna aliyemuulizia. Mama yangu ndiye kakushinda?"

Mlevi, upande wa pili wa meza, alisema amesikia.

Keziah, mama yake Enoch, alikuwa mgumu kupatikana kwa sababu mtoto alizikwa Fenthorpe lakini hakubatizwa humo. Thelma alimkuta katika kitabu cha Coldby, parokia ya jirani: Enoch, mwana wa Keziah Dannatt, mwanamke asiye na mume. Mahali pa baba pameachwa wazi. Pengo hilo lilizibwa kwa mate. Thelma alitema mate kwenye kichupa, akakipeleka posta, na majibu ya vinasaba yaliporudi yakamtaja ndugu wa damu aliye hai: Bwana Crispin Thurlby, aliyepewa kipimo kile na mkewe kama zawadi ya Krismasi. Kina Thurlby ndio wenye mashamba ya Fenthorpe, na nyumba zake za matofali mekundu, pamoja na ile aliyopanga Thelma.

Thelma akaandika majina mawili kwenye karatasi, Keziah na Thurlby wa zamani zile, baba wa mtoto. Thurlby hakuja. Watu wa namna ile hawaingilii mlango wa jikoni. Keziah naye hakuonekana, ila habari zake zililetwa na Wilf Elvidge, mzee wa kanisa, ambaye maisha yake yote alifuga nguruwe na bado aliongea kama anayewaita.

"Thelma kipenzi, una mgeni. Kasimama kwenye jiwe la mpaka, tumbo hili hapa, kalowa chapachapa. Nimemwambia apite, kasema haruhusiwi."

"Umempa kitu ajifunike?"

"Koti langu. Nalo limelowa sasa. Nitalidai."

Enoch alivaa kofia, akatangulia.

Walimkuta msichana hata ishirini hajafika, kasimama upande wa Coldby, mvua ya siku aliyofukuzwa ingali ikimtiririka kwenye nywele. Thelma akamshika mkono amvute. Mguu wa msichana ukainuka, ukavuka jiwe, ukatua Coldby palepale ulipotoka. Wakajaribu tena kutokea kwenye ua wa miiba. Ukatua Coldby.

"Msijichoshe, mama," Keziah alisema. "Nilipandishwa mkokoteni uchungu ukikaribia, mtoto asije akazaliwa Fenthorpe halafu Fenthorpe ikalazimika kumlisha. Kila parokia hulisha waliozaliwa kwake. Sirudi mpaka wenyewe waseme nirudi."

"Wenyewe ni kina nani?"

"Kina Thurlby. Kwani kuna wengine?"

Enoch alivua kofia. "Mama," alisema.

Keziah alimtazama yule mzee mwenye mvi kwa adabu. "Umenifananisha, baba. Mwanangu bado yumo humu." Akashika tumbo. "Nikifika nyumbani ndipo nitamzaa."

Mtoto akapiga teke, na goti la Enoch likaruka. Keziah akamshauri alipake mafuta ya kondoo.

Basi Thelma akaenda kwenye nyumba kubwa. Bwana Crispin Thurlby alisoma majibu kwenye simu, akafurahi kweli, akamkaribisha biskuti za tangawizi na kumwita binamu. Alikuwa mwenyekiti wa baraza la parokia, kama baba yake na baba wa baba yake, na akaahidi kuliweka suala la Keziah mbele ya baraza siku ya kupiga mipaka. Kisha, akimsindikiza mlangoni, akamkumbusha kwamba nyumba za matofali mekundu zitapangishwa watalii kuanzia msimu wa majani kudondoka.

"Na mimi?"

"Hayo mawili hayahusiani, binamu."

Siku ya kupiga mipaka watu wa Fenthorpe huzunguka parokia nzima na fimbo za mierebi, kasisi akiomba baraka za mazao, na kila jiwe la mpaka hulichapa ili wasilisahau. Walipofika jiwe la Coldby walimwamkia Keziah vizuri, wakamwomba asogee kidogo wapate nafasi ya kuchapa. Akasogea. Wakalichapa jiwe. Kasisi Imogen akasoma sala ya wageni na wasafiri, na baraza likakaa palepale kwenye majani.

"Akijifungulia kwetu, mtoto anakuwa wetu," alisema mjumbe mmoja.

"Mtoto si ndiye huyo hapo," Thelma alisema. "Kavaa kofia. Alishakufa, na mitaro yenu yote ameichimba yeye."

"Ndiyo hapo sasa. Ukimkubali mmoja watakuja wote waliotolewa. Maegesho yenyewe hayatutoshi."

Bwana Thurlby akaomba wanaokubali wainue mikono. Wilf Elvidge aliuinua wake mpaka usawa wa sikio, akaona anatazamwa, akajikuna sikio. Mwingine hakuinua. Bwana Thurlby alisema uamuzi huu umemuuma yeye kuliko wote, maana msichana amebeba damu yake. Kasisi alimpa Keziah sandwichi ya yai. Ikalowa kabla hajaifikisha mdomoni. Msafara ukaendelea kuelekea jiwe linalofuata, na Enoch akabaki ameegemea jiwe, mama yake akimwuliza kama hana kwao.

Majani yalipoanza kudondoka, Thelma alipewa chumba cha serikali huko Coldby. Alibandua karatasi mlangoni mwa jokofu akawaambia wafu wajiandae. Hawakuinuka. Waliandikwa Fenthorpe, walisema, na nje ya Fenthorpe hakuna wanapojulikana. Kisha wakaomba chai. Aliwamiminia ya mwisho, akaacha funguo dirishani. Watalii wa wiki ya kwanza wangekuja kuandika kwamba nyumba ni nzuri, ila jikoni hakuna pa kukaa.

Wilf alimpakia kwenye gari lake la nguruwe, godoro, masanduku na birika. Aliendesha vibaya, mkono mmoja ukijikuna sikio. Enoch aliwafuata kwa miguu nyuma ya gari mpaka kwenye jiwe, akasimama upande wake.

Gari lilipovuka mpaka, Keziah alifungua mlango akapanda, akakaa katikati ya Thelma na birika. Kiti kikalowa.

"Na wewe una mimba?" alimwuliza Thelma.

"Kwa umri huu, mwanangu?"

"Basi wamekutoa kwa nini?"

Thelma aliwaza. Alikuwa amepekua vitabu vya makanisa yote mawili, alikuwa ametema hata mate yake, lakini hilo hakulikuta popote. Akavuta mkanda, akaupitisha taratibu chini ya tumbo la msichana, akaufunga. Mtoto akapiga teke. Kwenye kioo cha pembeni, kule nyuma kwenye jiwe, goti la mzee mwenye kofia likaruka, naye akainama kulisugua. Wilf akakata kona.