Usigeuke, Paka

Jamani, kuna watu mpaka leo wanadhani mpira wa vinyoya ni mchezo wa watoto wa uani, wa kupokezana kinyoya huku mtu anacheka na soda mkononi. Waende wakasimame karibu na wavu siku Nyundo anapiga. Kinyoya chenyewe ni chepesi, ukikirusha kwa mkono hakifiki popote, lakini kikitoka kwenye raketi ya yule dada kinakuja na hasira zake, na ukisimama vibaya kinakuachia kumbukumbu. Paka anajua. Kovu lake liko juu ya jicho la kushoto.

Alilipata mwaka wa kwanza yeye na Nyundo walipopangwa kucheza wawili wawili. Wote walikuwa wachezaji wa kulipwa wa klabu moja. Nyundo, mkubwa, mwenye mabega na miguu ya kuruka, aliwekwa nyuma apige. Paka, mdogo, mwepesi wa mkono, aliwekwa mbele kwenye wavu amalizie vinavyorudi. Siku hiyo, katikati ya mchezo, Paka akageuka kuangalia mwenzake yuko wapi. Kinyoya kikamkuta palepale. Damu, taulo, daktari, sindano na uzi. Nyundo alilia kumshinda aliyeshonwa, na alipomaliza kulia akaja juu.

"Wewe mtoto, unageuka unatafuta nini? Mbele ni kwako, nyuma ni kwangu. Ukigeuka maana yake huniamini."

"Nilitaka kujua kama umefika, dada."

"Nitafika. Sikiliza miguu yangu. Usigeuke, Paka."

Ikawa sheria, na Paka akaishika kama mtu anavyoshika dini. Akajifunza kusikia. Viatu vya Nyundo vikilia kwa kasi upande wa kulia, alijua kombora litapita wapi na yeye asimame wapi. Kulikuwa na zile hatua za mbio, kisha kimya kidogo Nyundo akiwa hewani, kisha mlio wa raketi, kisha miguu miwili ikitua: pu-pu. Hiyo pu-pu ndiyo iliyomwambia Paka kwamba nyuma mambo yako sawa. Ukitaka kucheka, cheka: miaka yote ile, katika mechi hakuwahi kumwona Nyundo akiruka, isipokuwa kwenye video.

Na miaka ilikuwa mingi. Walizunguka viwanja vya ndege mpaka wakajua benchi zipi zinalalika. Walifua soksi kwenye sinki za hoteli. Walitolewa raundi ya kwanza mahali ambapo hata mlinzi wa mlangoni aliwaonea huruma, na walibeba vikombe mahali pengine ambapo hakuna aliyejua kutamka majina yao. Nyundo akaolewa, akazaa binti, akarudi uwanjani na mwili mzito na ulimi uleule. Mumewe alikuwa na utani wake, kila mgeni akija lazima ausikie: kwamba yeye ni mume wa pili, wa kwanza ni Paka. Mama yake Nyundo naye alimwita Paka kitindamimba wangu, na akipiga simu alianza kumuuliza yeye kama amekula, ndipo amuulize mwanawe.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijawaangukia: Olimpiki. Mara ya kwanza Nyundo alikuwa mjamzito. Mara ya pili waliikosa kwa tundu la sindano. Sasa kocha alishaanza kumzungumzia Nyundo kama watu wanavyomzungumzia mtu aliyestaafu, kwa heshima nyingi mno, na kila mtu alielewa kwamba hii ndiyo ya mwisho. Walikuwa wamefika nusu fainali ya shindano la kufungia hesabu. Wakishinda mechi hiyo, wanakwenda. Wakishindwa, wanakwenda wale waliosimama ng'ambo ya wavu.

Ila kulikuwa na goti.

Walimwendea daktari kimyakimya, kocha asijue, na daktari hakuzunguka: kano ya goti la kushoto imechoka, imebaki kushikilia tu, akitua vibaya mara moja itakatika, na hapo asahau mchezo, asahau hata kupanda ngazi na mtoto mgongoni. Apumzike, alisema. Nyundo akamshukuru, akatoka, akamwambia Paka pale nje, "Goti ni langu au lake?" Na wakala njama ya kunyamaza, wote wawili.

Asubuhi ya mechi lifti ya hoteli ilikuwa mbovu, wakashuka kwa ngazi. Paka alitangulia na mabegi yote. Nyuma yake alisikia mguu mmoja unashuka, wa pili unaufuata na kusimama kwenye ngazi ileile, kimya, mkono unajikokota kwenye chuma, kisha tena. Kama bibi anayeshuka kwenda kanisani.

"Goti, dada?"

"Limelala tu. Litaamka."

Na Paka hakugeuka. Hapa tusimwonee, lakini tusimpambe pia. Alijua. Angegeuka pale kwenye ngazi angeuona uso wa dada yake, na akishauona angelazimika kusema neno, na neno hilo lingeikata safari. Naye Olimpiki aliitaka, aliitaka mpaka usingizi ulimpaa. Sheria ya kutogeuka, siku hiyo, ilimfaa sana. Akashuka na mabegi yake akitazama mbele, na moyo unamsuta.

Mechi ilianza vizuri kuliko walivyotarajia. Seti ya kwanza waliichukua, Nyundo akipiga makombora mpaka watu wakaguna. Ya pili ikawaponyoka. Ya tatu ndiyo iliyokuwa roho juu, pointi kwa pointi, ukumbi mzima umekaa ukingoni mwa viti, na kocha anatafuna kola ya fulana yake.

Lakini Paka alikuwa anasikia kingine. Ile pu-pu ilikuwa imekufa. Sasa ilikuwa pu moja, kisha kitu kinaburuzika. Wapinzani hawakuwa wajinga, nao walishaona. Wakaanza kuinua vinyoya juu, juu kabisa, mpaka kona ya nyuma kushoto, mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe bila aibu, wamkimbize mwenye goti. Na wewe ungefanya hivyohivyo, ndiyo kazi yenyewe. Shingo ya Paka ikawasha. Akajiambia, mbele ni kwako. Akajiambia, dada ni mtu mzima. Akajiambia, pointi mbili tu.

Kumi na tisa kwa kumi na tisa. Kinyoya kikainuliwa tena kwenye kona ileile. Paka akasikia mbio za kuchechemea, akasikia Nyundo akivuta pumzi ya kuruka, na ndani ya ile pumzi kikatoka kilio kidogo, cha kumezwa, kama cha mtoto anayekatazwa kulia mbele ya wageni.

Paka akageuka.

Lo! Alichokiona hakikuwa kwenye video yoyote. Nyundo alikuwa anapaa kwa mguu mmoja, wa pili unaning'inia, midomo imeumwa mpaka imepauka, machozi yanatiririka na yeye mwenyewe hana habari nayo. Nyundo naye akaona uso wa Paka katikati ya njia ya kombora lake, akauvuta mkono hewani, akakosa. Kinyoya kikaanguka chini. Bahati nzuri, alitua kwa mguu mzima.

"Umegeuka!" Nyundo alikuwa anahema. "Miaka yote, unakuja kugeuka leo? Sasa hivi?"

"Nenda mbele."

"Nini?"

"Nenda mbele, dada. Mimi nakaa nyuma. La sivyo namnyoshea mwamuzi mkono sasa hivi, namwambia tumeacha, na mechi imekwisha."

"Wewe huwezi kupiga kutoka nyuma."

"Siwezi, najua. Nenda mbele."

Nyundo alimwangalia kama anayetaka kumzaba kibao. Mwamuzi akawahimiza. Nyundo akachechemea mpaka kwenye wavu, akampa mgongo, na kwa mara ya kwanza Paka akaona mgongo wa dada yake ulivyokuwa mdogo.

Wapinzani walihitaji pointi moja tu. Wakaona Paka yuko nyuma, wakatabasamu, na tabasamu hilo liliwaponza. Paka hakuwa na kombora, lakini alikuwa na mbio, akakimbia kona zote nne kama aliyeibiwa, akirudisha tu, akirudisha tu, mpaka mmoja wao akachoka akapiga nje. Ishirini kwa ishirini. Iliyofuata Nyundo mwenyewe aliimalizia kwenye wavu, akiwa amesimama tu, kwa kukigusa kinyoya kidogo na kusonya. Ukumbi ukalipuka. Ishirini na moja kwa ishirini. Lazima wapishane kwa mbili; pointi moja zaidi, jamani, wapande ndege.

Paka akaipiga ile ya mwisho kwa nguvu zote alizojaliwa na nyingine za kuazima. Ikawa nzuri, ikawabana wapinzani, wakairudisha kwa ukingo wa raketi, kinyoya kikapanda taratibu na kuja kuelea mbele ya Nyundo, juu ya wavu kabisa, kimetulia, kinasubiri. Hata binti yake angekigusa kikafa. Lakini Paka alikuwa amepiga akiwa amejitupa mzimamzima, miguu ikamponyoka, akaenda chini, na kisogo chake kikagonga sakafu kwa mshindo uliosikika mpaka viti vya juu.

Nyundo akageuka.

Aligeuka mzima, mwili na raketi, macho yamemtoka. Paka alikuwa chalichali sakafuni, anamwona yeye, anakiona na kile kinyoya nyuma ya bega lake kikishuka polepole.

"Mbele!" alipiga kelele. "Dada, mbele! Mbele!"

Nyundo hakusikia. Alikuwa ameshaanza kuja. Kinyoya kikatua pale alipokuwa amesimama, bila kelele yoyote.

Mbili zilizofuata hata hazina habari. Wenzao walizichukua, wakakumbatiana, wakalia, na haki yao. Kocha aliwafuata chumba cha kubadilishia nguo, akafungua mdomo, akaangalia kisogo kilichovimba na goti lililovimba, akaufunga. Akatoka nje akaufunga na mlango.

Walikaa kwenye benchi, mmoja na barafu kichwani, mwingine na barafu gotini. Paka alilia kwanza, kwa sauti, bila kujificha. Iliuma, na itaendelea kuuma, hakuna haja ya kupaka sukari.

"Kilikuwa pale, dada. Pale puani kwako."

"Nimeambiwa."

"Si ulisema tusikilize miguu?"

"Nilisikiliza." Nyundo alijifuta kamasi kwa taulo. "Sikusikia miguu. Nilisikia kichwa."

Paka alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka badala yake, kikamuuma kisogoni, akashika kichwa akicheka na kulia kwa pamoja. Nyundo akamvuta akamlaza begani, akawa anamsugua mgongo kama anavyomsugua bintiye akiwa na homa.

"Umegeuka wewe kwanza," alisema baadaye kidogo.

"Nimegeuka. Nilichelewa, dada. Ningegeuka asubuhi, kule kwenye ngazi. Nilisikia kila kitu."

Nyundo aliigeuza barafu gotini. "Nilijua unasikia," alisema. "Niliomba usigeuke."

Kesho yake lifti ilikuwa bado mbovu. Simu ya Nyundo ilikuwa imeshapigwa na mama yake, ambaye kwanza aliuliza kitindamimba wake ameamkaje na kichwa. Mabegi waliwaachia vijana wa mapokezi. Paka alishuka ngazi ya kwanza, kisha akageuka, akasimama uso kwa uso na dada yake na kumnyoshea mikono yote miwili.

"Unashuka kinyumenyume? Utaanguka, wewe. Angalia unakokwenda."

"Huko nyuma yangu kuna nini?"

Nyundo alichungulia juu ya kichwa chake. "Ngazi. Kisha kona."

"Basi niangalizie," alisema Paka, na wakaanza kushuka.