Tindo Ndani ya Pipa la Mchanga

Siku ilipodaiwa kuibwa, tindo ilikuwa ndani ya pipa la mchanga, na aliyeiweka humo ni Kornelio mwenyewe, kwa mkono wake. Hilo lijulikane tangu mwanzo, asije mtu akamdhania mzee Heche vibaya hata kidogo, kama watu wa Nyamwaga walivyomdhania mwaka ule wa hamsini na nne.

Kornelio alikuwa amerudi kutoka karakana ya mgodi wa dhahabu, alikofanya kazi miaka sita. Alirudi na sanduku la vifaa na kichwa kilichojaa mipango. Kibanda cha baba yake, marehemu Mogesi mhunzi, alikibomoa na kukijenga upya. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi aliitoa, na mahali pake akaweka feni aliyoitengeneza kwa gurudumu la baiskeli na bati la debe: unazungusha gurudumu, upepo unaingia motoni. Springi za lori lililokufa njiani alizikata akatengeneza jiriwa ya kubania vyuma. Misumari, nati na bolti kila kimoja kilikuwa na kopo lake, na makopo yote yalipangwa kwenye rafu.

Lakini fahari yake ilikuwa ubao. Aliupigilia ukutani, akatundika vifaa vyote, kisha akachora umbo la kila kifaa kwa chokaa. Watu walipita baada ya misa ya Jumapili kuja kuutazama.

"Kornelio, hata nyundo umeipiga picha?" mzee Heche aliuliza siku ya kwanza, akiusogelea ubao karibu kabisa, maana macho yake yalikuwa yameanza kufifia. "Ikikimbia, utapeleka picha polisi?"

"Baba, ukiona pengo hapa unajua papo hapo kitu gani hakipo. Kwangu kitu hakipotei."

"Mogesi alikuwa na kikapu kimoja tu, na hakuwahi kupoteza kitu."

"Alikuwa na vitu vinne, baba."

Watu walicheka, na Heche mwenyewe alicheka kuliko wote. Miaka thelathini alikuwa amemvukutia Mogesi. Kornelio alipokuwa mtoto, mzee huyu ndiye aliyembeba mgongoni kumwondoa kwenye cheche. Sasa mivukuto haikuwepo, na Heche hakuwa na kazi kibandani, lakini kila asubuhi alikuja akakaa pembeni ya moto. Alishikashika vitu. Alipewa vipande vya chuma kilichobaki, akaenda navyo nyumbani kutengeneza kengele za ng'ombe.

Jumanne moja aliomba kuazima tindo kubwa ya kukatia chuma, ile iliyotoka mgodini, akate bamba la kengele ya dume lake.

"Hiyo haitoki hapa, baba. Lete bamba, nitakukatia."

"Mkono wangu bado upo, mwanangu."

"Haitoki."

Heche alichukua fimbo yake akaenda.

Kesho yake Kornelio alianza uboreshaji mwingine. Fuawe, chuma cha kufulia, ilikuwa juu ya gogo, na kila alipogonga, gogo liliruka. Akapata pipa nusu, akasimamisha gogo ndani yake, ili mchanga ujazwe kulizunguka litulie. Gogo liliinama kidogo. Mawingu yalikuwa yameshaifunika milima ya upande wa Gorong'a, na mchanga mkavu ulikuwa nje. Akachukua kilichokuwa karibu na mkono, akakikita chini ya gogo kama kabari, akatoka mbio na karai. Alijaza mchanga, akashindilia, akaiweka fuawe juu. Ilitulia kama mwamba. Aliita mkewe Rhobi aje aone. Kuhusu kabari, hakukumbuka hata kama aliiweka.

Alhamisi asubuhi mkulima mmoja, Matiko, alileta plau. Mvua zilikuwa zimeanza, ng'ombe wake walikuwa wamefungwa nira wanangoja, na ribiti kuukuu zilizoshikilia ulimi wa plau zilitakiwa kukatwa. Watu wengine wanne walikuwa kwenye foleni. Kornelio alinyoosha mkono ubaoni, mkono ukagusa mbao tupu.

"Fundi," Matiko alisema, "picha naiona. Tindo yenyewe iko wapi?"

Walicheka. Kornelio alimwaga makopo, akainua magunia, akapekua majivu. Uso ulimwaka. Mbele ya watu wale wale aliowaambia kwamba kwake kitu hakipotei, pengo jeupe lilikuwa limemkodolea macho. Na kama kitu hakipotei, basi kimeibwa. Hilo ndilo alilolifikiri, na aliliona kuwa hesabu sahihi kabisa.

"Mzee," alimgeukia Heche, "juzi uliiomba nikakunyima."

"Niliiomba. Ukaninyima. Nikaenda."

"Basi iko wapi?"

"Unaniuliza mimi, mwanangu?"

Kornelio angeweza kuishia hapo. Katika ukoo wao wa wahunzi kulikuwa na desturi: aliyeshukiwa kuiba chuma aliruka nyundo ya mwenye kibanda huku akitamka maneno machache, na kama amedanganya, chuma kingemla kabla mwezi haujaandama tena. Mogesi aliwaapisha watu hivyo mara mbili tu maishani mwake, na mara zote mbili alisita. Kornelio alikuwa amebatizwa, na kanisani alikaa benchi la mbele. Hakusita. Aliitoa nyundo ya baba yake akailaza sakafuni.

"Baba Philomena, acha!" Rhobi alimwambia mumewe kutoka mlangoni. "Huyo ni mzee wako."

"Kama hana kosa, anaogopa nini?"

Heche aliitazama ile nyundo. "Hii nimeivukutia mimi ilipokuwa inafuliwa," alisema. Kisha akakusanya shuka lake. Goti lake lilikuwa bovu, hakuweza kuruka. Ikabidi Matiko amshike mkono, anyanyue mguu mmoja, apumzike, anyanyue wa pili. Mtu mmoja kwenye foleni aliguna kwa kicheko. "Kama nimeichukua, chuma hiki kinile," Heche alisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu salamu. Akatoka. Mvua ilimkuta njiani, mwendo wake ukiwa ule wa kuburuta mguu.

Jumapili ikasikika kwamba Heche amelala na kichomi. Nje ya kanisa watu walisemezana kwa sauti za chini, na Kornelio alisikia: nyundo imemshika. Wengine walimtazama kwa heshima mpya, na yeye, aibu gani hii kuikumbuka, aliifurahia kidogo.

Jumanne fuawe ilianza kulia vibaya. Maji yalikuwa yamepenya chini ya pipa, na gogo lilikuwa limelala upande. Kornelio alishusha fuawe, akang'oa gogo, akachota mchanga kwa mikono. Vidole vilipogusa chuma, alijua kabla hajakiona.

Alikaa chini palepale. Kisha akaifuta tindo, akaitia ndani ya shati, akaenda kwa Heche.

Nyumba ilikuwa na watu. Ghati, mkewe Heche, alimpisha bila neno. Mzee alikuwa amelala kwenye ngozi karibu na moto, kifua kikipanda na kushuka kwa taabu kama mivukuto iliyotoboka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Heche aliigeuza shingo polepole. "Ni mwana wa Mogesi? Umeipata?"

Tindo ilikuwa inamchoma ubaridi tumboni. Wazee watatu walikuwa wameketi kando ya ukuta, wote wanamtazama. Ilikuwa ni neno moja tu.

"Bado," Kornelio alisema.

"Itafute vizuri," Heche alisema, akipumzika kati ya neno na neno. "Mimi sikuichukua."

"Ugua pole, baba."

Njiani kurudi alijiambia watu walikuwa wengi mno. Kesho ataenda mapema, wawe wawili tu. Mzee akipona watalicheka jambo hili pamoja. Jumatano kulipokucha, alifikiria kuitupa tindo kwenye migomba kando ya njia, mtu mwingine aiokote, ionekane mwizi fulani aliiangusha. Alifika hadi kwenye migomba. Akarudi. Akajiambia, jioni. Jioni ilipofika mvua ilikuwa kubwa.

Alhamisi asubuhi Heche akafariki.

Kornelio alipofika msibani saa nne, alikuta watu wamesimama nje ya boma kama wanaoogopa kukanyaga. Aliyekufa kwa kiapo hachimbiwi kaburi mpaka alichoiba kirudishwe, wazee wa ukoo walisema, ama watakaomgusa watafuatwa na kiapo hicho. Binti za Heche walikuwa wameolewa mbali, huko Machochwe, hawajafika. Wazee walikuwa wameshaipekua nyumba. Ghala la ulezi lilikuwa limemwagwa uani, na Ghati alikuwa ameketi katikati ya nafaka ile, kichwa wazi. Mzee mmoja alikuwa anamwambia kwa upole, "Mama, itoe tu. Itoe, tumzike mtu wetu."

"Tindo hii hapa," Kornelio alisema.

Wote waligeuka. Aliitoa ndani ya shati akaiinua.

"Haikuibwa. Niliizika mimi mwenyewe ndani ya pipa la fuawe. Niliiweka kama kabari, nikasahau. Mzee Heche hakuchukua kitu. Nilimwapisha bure."

Matiko alitema mate pembeni. "Ndiyo fundi wa mgodini huyo," alisema. "Amechora mpaka koleo, lakini kichwa chake hakukichora."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akavuta pumzi na kusema kwamba kumbe Mungu amefunua, ameipata leo, basi ni heri, mambo yamekwisha. Kornelio aliona amefunguliwa mlango wa kutokea. Angeweza kukaa kimya tu, na angepita.

Ghati aliinua uso.

"Uliipata lini?"

"Jumanne," Kornelio alisema.

"Jumanne ulikuja hapa."

"Nilikuja, mama."

"Alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Ndani ya shati."

Ghati alimtazama. Kornelio alingoja alaaniwe. Angepokea laana kwa mikono miwili. Lakini mama yule aliinama, akaanza kukusanya ulezi kwa viganja, akitenga mawe, akirudisha nafaka kwenye ungo. Alikusanya hivyo kwa muda, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ndipo akasema, bila kuinua macho, "Kaburi halijachimbwa. Jembe liko mlangoni."

Kornelio alichimba. Juu udongo ulikuwa laini kwa mvua, chini ulikuwa mgumu wenye changarawe. Baadaye wanaume waliingia bomani mmoja mmoja, wakaleta majembe na sururu, wakachimba wakipokezana wenyewe kwa wenyewe. Yeye hakuna aliyempokea. Mikono yake ilikuwa ya mtu wa chuma, hata hivyo ilipata malengelenge, yakapasuka, naye akaendelea. Rhobi alikuwa amesimama na wanawake wengine, na kila alipomtazama, Rhobi alikuwa anatazama chini.

Adhuhuri Ghati mwenyewe alileta maji kwenye kibuyu. Alizunguka, akampa kila mchimbaji mkononi, Matiko, na wa pili, na wa tatu, akingoja kila mmoja anywe na kumrudishia. Alipofika kwa Kornelio, aliyekuwa ndani ya shimo hadi kifuani, huyu alinyoosha mikono yote miwili kuyapokea.

Ghati aliweka kibuyu chini, ukingoni mwa kaburi, akaondoka.

Kornelio aliyanywa maji yale. Kisha akashika jembe.