Mkisikia Mayowe, Msitoke

Asubuhi aliyokuja Mwongozaji wa picha za sinema, dada alikuwa anashona kwapa la zimwi. Zimwi lilikuwa limesimama wima kando ya jiko, mkono juu, likisubiri amalize. Birika lilikuwa linachemka. Kaka mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Chabo, alikuwa kitini dirishani kama kawaida, akitazama nyumba ya muuza matairi ng'ambo ya barabara.

"Limenenepa," Mwongozaji akasema.

"Nimelitia sifongo mpya," dada akajibu, akakata uzi kwa meno.

Dada ni fundi cherehani, na zimwi hilo alilitengeneza yeye: sifongo ya godoro kuukuu, magunia, blanketi lililoliwa na nondo, na kichwa cha ndoo ya rangi iliyotobolewa macho. Katika picha ya kwanza Chabo ndiye aliyelivaa. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye ukingo wa paa la ghala, angurume, basi. Mwongozaji alichungulia kwenye kamera, akasema, "Rudi nyuma kidogo." Chabo akarudi nyuma kidogo.

Walipomvua zimwi kule chini, kilitoka kiwiliwili. Miguu ikabaki humo ndani. Daktari alimgonga magoti kwa kinyundo, akasema hii inayoonekana ni mfano tu, miguu yenyewe haimo, mara ya mwisho mlikuwa nayo wapi? Dada akamwonyesha zimwi likirandaranda kwenye korido, likiburuta kisigino cha kushoto, vilevile alivyozoea kutembea kaka yake. Daktari akasema basi ndiyo hiyo, akaita mgonjwa mwingine.

Tangu hapo mtu hatoki ndani. Jina la Chabo lilimkaa kwa sababu kweli alikuwa anachungulia. Sasa angefanya nini kingine, jamani?

Mwongozaji alikuwa ameleta sehemu ya pili. "Kuna mtu hatoki ndani," akaeleza. "Kutwa anachungulia majirani. Siku moja anaona zimwi, anapiga kelele, hakuna anayemwamini."

"Huyo si mimi?"

"Acha bwana. Ni mhusika tu."

Mchezaji alikuwa ameshapatikana, kijana mzuri, mwenye miguu yake yote. Kilichotakiwa ni dirisha, kiti na zimwi. Zimwi siku hizi lilifanya kazi lenyewe, halili, halilalamiki, na Mwongozaji alisema waziwazi kwamba hajawahi kupata mchezaji mtiifu kama huyo. Chabo akahamishiwa kitandani. Akijiinua kwa kiwiko, bado aliiona nyumba ya muuza matairi.

Nyumba hiyo ina habari yake. Muuza matairi alikuwa anampiga mke wake, na hakuna asiyejua. Mke alikuwa na kinga moja tu, yowe lake. Akilipiga, kinyozi anatoka na taulo begani, wanawake wanatoka na masufuria, wanagonga mlangoni, "Imetosha wewe! Imetosha!" Na yule bwana, ambaye mbele za watu ni mpole kupindukia, anaona haya, anaacha. Hakuna aliyewahi kumpeleka popote. Lakini alikuwa anaacha.

Siku ya kwanza ya picha, mtu wa kipaza sauti alipita mtaani. "Mkisikia mayowe, msitoke! Ni picha! Mkitoka mnatuharibia!" Watu wakacheka, wakaitikia. Muuza matairi naye aliitikia, tena kwa heshima zote.

Yowe la kweli lilikuja alasiri ile ile. Chabo alilijua mara moja. Mchezaji wa kike, wa kupiga mayowe ya picha, wakati huo alikuwa amekalia ndoo, anakunywa soda.

"Hiyo siyo picha!" Chabo akapaza sauti. "Anaua mtu! Tokeni!"

Kijana aliyekalia kiti chake akageuka, akamtazama kwa wivu. "Kaka, una sauti wewe!" Mwongozaji akanong'ona wamwache, inaingia vizuri. Nje, milango yote ilikuwa imefungwa. Kinyozi alifunga mpaka pazia, maskini, asiwaharibie watu kazi yao.

Ndipo Chabo akaiita miguu yake. Hakuita kwa mdomo. Zimwi, lililokuwa bombani likisubiri zamu, likageuka. Likavuka barabara, kisigino kinaburuta, likafika mlangoni kwa muuza matairi, likainua mkono, likakunja ngumi. Chabo machozi yalimtoka kwa furaha.

"Kata!" Mwongozaji akasema. "Hilo halimo. Rudi nyuma kidogo."

Na miguu, ambayo Chabo mwenyewe ndiye aliyeizoeza kutii, ikarudi nyuma kidogo. Siku hiyo alijichukia kuliko siku ya kuanguka.

Kesho yake mke wa muuza matairi alikuja kuchota maji, jicho moja limevimba. Alisimama chini ya dirisha.

"Shemeji, wewe si unaona?"

"Naona."

"Haya," akasema, akajitwika ndoo yake.

Siku ya tukio la mwisho, yowe lilikatika katikati. Mwongozaji alifurahi sana, akasema kimya cha namna ile mchezaji hafundishiki. Muuza matairi aliwaambia waliokuja msibani kwamba mke wake aliteleza bafuni. Alilia mpaka ikabidi ashikwe.

Askari alifika kwa Chabo. "Uliona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Kwa dirisha hili."

"Hili hili la kwenye picha?"

"Hili."

Askari akalitazama dirisha, akalitazama zimwi likiwa limetundikwa msumarini. "Pole," akasema. "Mtaa mzima umesikia, na mtaa mzima unasema ilikuwa picha." Alipokuwa anatoka akauliza itaonyeshwa lini.

Ilionyeshwa kwenye shuka, ukutani kwa muuza matairi, maana ukuta wake ndio mpana. Watu walicheka, wakashtuka, wakarukiana. Lilipofika lile yowe, sauti ya marehemu mwenyewe, wanawake wa masufuria walitazamana, kisha wakatazama mbele. Lilipokatika, watu wakapiga makofi. Muuza matairi, mstari wa kwanza, alipiga pia.

Baadaye zimwi likarudi nyumbani, likajitundika msumarini nyuma ya mlango. Mkono wake ulikuwa juu, ngumi imekunjwa. Tangu siku ile ya mlangoni kwa muuza matairi haukuwahi kushuka.

"Ungegonga tu," Chabo akaliambia. "Hata ungegonga ukakimbia."

Dada akaushusha ule mkono, ukapanda tena. Mlango ulikuwa haufungiki, na upepo unaingia. Akatunga uzi sindanoni, akaushona mkono ubavuni, mshono wa mara mbili, akafunga mlango.