Mguu wa Kushoto Kwenye Sebule ya Wageni

Usiku wa kuamkia leo nimeota napiga hodi kwenye sebule yangu mwenyewe, na kochi likaniuliza mimi ni nani.

Mimi ndoto siziamini. Dada zangu wakiota nyoka wanapigiana simu mpaka mchana. Mimi nikiamka nawasha jiko. Lakini hii nitaisimulia kama ilivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke.

"Mama Tumsifu," nikalijibu kochi. "Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hakai hapa," likasema. Ni lile kubwa la watu watatu, lenye vitambaa nilivyofuma kwa mkono wangu. "Hapa wanakaa wageni. Amri ni yako, sisi tunaifuata tu."

Hapo lilinikamata. Sebule yangu haikanyagwi ovyo. Sakafu inapigwa rangi nyekundu kila Jumamosi, vikombe vya maua vimo kabatini vinasubiri wageni, na sisi wenyewe tunakunywa chai jikoni kwenye vikombe vya plastiki. Ndiyo maana mume wangu, Baba Tumsifu, anajifunzia dansi koridoni.

Dansi yenyewe ni tango, ile ya watu wawili kukumbatiana na kutembea kwa kunyatia. Tangu kiharusi kinipige, mguu wangu wa kushoto unaburura vidole, kisigino hakitui. Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali akasema nikicheza tango mguu utakumbuka kazi yake. Mimi nilicheka. Baba Tumsifu hakucheka. Akatafuta mafunzo kwenye simu, akaiegemeza kwenye chupa ya chai, na sasa kila asubuhi na jioni mzee wa watu anacheza na ufagio, viwiko vinagonga ukuta huku na huku.

Akimaliza ananinyooshea mkono, nami namwambia aendelee na ufagio wake. Nina sababu. Niliporudi kutoka hospitali nilikuta kikombe kimoja cha maua hakipo. Nikauliza nani kakivunja, akasema, "Mimi." Sasa mtu aliyeshindwa kushika kikombe atanishika mimi, na uzito huu?

Haya, turudi kwenye ndoto.

"Hodi," nikasema tena, safari hii kwa adabu ya mgeni.

"Karibu, mama, karibu sana," likasema kochi, likakunja vitambaa vyake, likajisogeza ukutani.

Namwona Baba Tumsifu amesimama katikati ya sebule, miguu mitupu, amevaa suti ya harusi yetu. Ufagio umekaa kwenye kiti cha mmoja, unapumzika. Simu iko juu ya meza, na ndiyo mwalimu.

"Kanuni ya kwanza," inasema simu. "Kila mtu abebe uzito wake."

Uzito wangu unaletwa kwenye sinia. Umefungwa kwenye khanga, na si mkubwa kama nilivyodhani, namshukuru Mungu.

"Kanuni ya pili. Uzito utoke mguu huu uende mguu ule."

Mguu wa kulia unaupokea bila maneno, kisha unamgeukia mwenzake. "Shika."

"Sitaki," unasema mguu wa kushoto. "Nikiuangusha je?"

"Kiburi hiki umekitoa wapi?" nauuliza.

"Si kiburi, mama. Ni woga. Umewahi kuniuliza?"

Sikuwahi. Nilikuwa nauita gogo, tena mbele za watu. Niliona aibu kweli.

"Pole, mguu wangu."

"Nimeshapoa," ukajibu. Lakini uzito haukuupokea.

"Kanuni ya tatu," inasema simu. "Mwanamke aende kinyumenyume."

Baba Tumsifu ananishika mgongoni, anasogea mbele, mimi narudi nyuma hatua moja. Sebule haipo. Tuko wodini, miezi ile ya mvua, na mimi mwingine nimelala kitandani mdomo umepinda. Pembeni yangu amekaa Baba Tumsifu mwingine, anaikanda miguu yangu kwa mafuta ya nazi huku ananipa habari za kuku wetu, nani ametaga na nani amegoma.

"Huyu alikuwa msumbufu," kikasema kitanda. "Saa ya kuona wagonjwa ikiisha wanamtoa kwa mlango wa mbele, anarudi kwa mlango wa jikoni."

"Sikujua," nikasema.

"Ulikuwa umelala, mama. Hatukuamshi kwa mambo madogo."

"Hatua nyingine," inasema simu.

Narudi nyuma tena. Sasa ni jikoni kwangu, asubuhi ile kiharusi kiliponipiga. Wageni wa jumuiya wako njiani, na mimi nimebeba sinia yenye vikombe vyote sita vya maua. Naona goti la kushoto linalegea. Mimi naelekea upande huu, sinia inaelekea upande ule. Baba Tumsifu yuko katikati, mikono mitupu.

"Kanuni ya nne," inasema simu. "Simameni katikati ya hatua."

Kila kitu kinasimama. Kikombe kimoja kinaning'inia hewani mbele ya pua yangu.

"Samahani," nakiambia. "Naomba kujua nani alikuvunja."

"Hakuna aliyenivunja," kinasema kikombe. "Huyu bwana alikuwa ananifikia kabisa, mkono umenyooka. Akanitazama mimi, akakutazama wewe, akaniacha. Wenzangu wakaangukia kwenye beseni la nguo, mimi nikaangukia sakafuni. Wewe uliangukia kwake."

"Mbona hakuniambia?"

"Uliuliza habari za kikombe. Habari zako hukuuliza."

Kisha kikaomba ruhusa, kikaanguka, kikavunjika.

Nililia, sifichi. Nilimkumbatia yule mzee na suti yake ya harusi, nikamwambia asante, asante baba, mpaka ufagio ukageuza uso. Tumesharudi sebuleni, sijui saa ngapi.

"Lete huo mzigo," unasema mguu wa kushoto.

Ukaupokea wote. Kisigino kikatua juu ya rangi mbichi, polepole, na hakuna aliyenigombeza.

Nikaamka. Jua limeshaingia dirishani, na koridoni kiwiko kimegonga ukuta. Nikavuta shuka nitazame mguu wangu. Vidole vilikuwa vyekundu kwa rangi ya sakafu, hilo nimelizoea, huwa vinabururika popote. Kisigino nacho kilikuwa chekundu, chote.

"Baba Tumsifu," nikaita.

"Naam, mama."

"Sogeza kochi la sebuleni."

Ufagio ukawekwa chini. "Kuna wageni?"

"Sogeza, baba. Na utoe vikombe vya maua, tunywee chai."

"Vya maua?"

"Viwili vinatutosha."

Nikasikia mlango wa sebule unafunguka. Kule ndiko alikopiga rangi jana jioni, akafunga ikauke.

"Mama Tumsifu," akasema, sauti imeshuka. "Nani amekanyaga rangi huku? Kuna unyayo, na kisigino kizima."

"Mimi," nikajibu.