Jino la Baba Paroko

Padre Vendelín Hrčka alikuwa na kazi mbili kijijini kwetu Dolná Lúčka: Jumapili asubuhi alikuwa paroko, siku zilizobaki alikuwa mwenyekiti wa Chama kilichotawala. Miaka ile ya vita, serikali yetu ya Slovakia ilipojipendekeza kwa Wajerumani bila haya, yeye alibariki kila kilichopita mbele yake: bendera, bunduki, hata pikipiki ya kamanda wa Walinzi, wanamgambo wa Chama.

Aprili ikaja amri kwamba Wayahudi wapelekwe Poland, eti kazini. Daktari wa meno, Ármin Weisz, akaenda nyumbani kwa paroko. Shangazi yangu Žofia, aliyekuwa mpishi wa padre, alisikia yote kutoka jikoni.

"Baba Paroko, sema neno moja tu kwa kamanda. Mtu anayehitajika wanamwacha."

"Daktari, mimi ni nani hata niingilie mambo ya serikali?"

"Hapa kijijini serikali ni wewe."

Padre akakohoa. "Nitakuombea," akasema, akamwekea mkono kichwani kana kwamba mwenzake alifuata baraka.

Weisz, mkewe na binti yao Irena wakapakiwa kwenye behewa la ng'ombe. Jumapili padre akahubiri kwamba kumpenda jirani ni lazima, ila kwanza uhakikishe kweli ni jirani.

Kliniki akapewa Štefan Ďurčo, fundi wa kuwapigilia farasi viatu vya chuma. Alikuwa Mlinzi wa siku nyingi na, kama alivyosema kamanda, koleo tayari alikuwa nayo. Padre akainyunyizia kliniki maji ya baraka.

Agosti gego la padre likaanza kuuma. Alisukutua kwa pombe kali ya plamu, akameza, akasukutua tena. Akalewa yeye, jino likabaki macho.

"Nenda mjini, Baba," shangazi akamwambia.

"Nikionekana kwa daktari mwingine, Chama kitasema namdharau Ďurčo. Na kliniki nimeibariki mimi mwenyewe!"

"Basi nenda kafaidi baraka zako."

Ďurčo alimpokea akiwa na koti jeupe lisilofungika tumboni. "Tulia basi, Baba! Hata farasi hawanisumbui hivi." Akang'oa. Kumbe silo. Akang'oa la pili, na safari hii taya nalo likalia kah!

Jumapili hiyo alikuja mkubwa wa Chama kutoka mji mkuu, Bratislava. Padre akapanda mimbarini, uso umevimba kama boga. "Taifa letu" likatoka "hahifa hehu". Mkubwa akapiga makofi kwa nguvu. Sisi tuliinamia viatu vyetu, mabega yakitikisika. Taya halikuunga vizuri, na tangu siku hiyo mahubiri akaachiwa padre msaidizi.

Vita vilipoisha, Hrčka akafikishwa mbele ya mahakama ya wananchi. Alisimama kwa unyenyekevu uliompendeza sana.

"Waheshimiwa," akasema, kama mtu mwenye uji mdomoni, "tangu Agosti ile sikutamka mimbarini hata neno moja la kuusifu utawala ule. Kimya changu ndicho kilikuwa upinzani wangu."

Hakimu akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akamwita shangazi athibitishe.

"Ni kweli, mheshimiwa, hakusema," shangazi akajibu. "Angesemaje, na taya limevunjika?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hakimu naye akajificha nyuma ya leso. Irena Weisz hakucheka. Katika watu watatu wa nyumba yao, alirudi yeye peke yake. Akainuka kutoka benchi la nyuma.

"Mwulizeni kuhusu Aprili," akasema. "Aprili meno yake yote yalikuwepo."

Kicheko kikakatika. Padre akamtazama wakili wake. Wakili akatazama dirishani.

Padre alifungwa miaka mitatu. Shangazi alimkuta Irena nje, ameegemea ukuta, akamshika mkono bila kumwomba ruhusa. "Twende nyumbani, mwanangu, ukale." Irena akaja kwetu, akala kabichi na mkate, kisha akalala mpaka mchana wa siku ya pili. Sote tulitembea kwa kunyata.