Fukusi katika Ua la Bibi

"Hata fukusi akitaka kuingia humu, lazima anipigie hodi kwanza," Redio aliwaambia wageni, kifua mbele kama jogoo aliyeamsha mtaa.

Wageni wakacheka. Shangazi yake, mkuu wa hifadhi hiyo ya mimea mikavu, hakucheka. Alimjua huyo mtoto wa kaka yake: jina la Redio alipewa kwa sababu aliongea hadi betri za wasikilizaji zikaisha.

Kazi ya Redio ilikuwa kutunza makabati ya chuma yaliyojaa mimea mikavu, kila mmea umeshonwa kwenye karatasi nene na kufungiwa ndani ya jalada. Mingi aliikusanya bibi yake, mama yake Shangazi, enzi akipanda milima na kamba, panga na gunia la magazeti ya kukaushia majani. Watu walimcheka kwamba anamkatia majani mbuzi asiye naye. Yeye akarudi na ua dogo la zambarau, alilolitoa kwenye ufa wa jabali akining'inia juu ya korongo, na mabingwa wa mimea wa kila upande wakakiri hawajawahi kuliona. Wakaliita kwa jina lake. Siku hizi jabali lile limevunjwa kokoto. Ua limebaki hilo moja, kwenye kabati la dirishani. Likiisha, limekwisha.

Wageni walipoondoka, Redio akalifungua jalada la ua ili alirudishe vizuri. Akaona unga. Unga wa kahawia, laini kama ugoro.

Unga ule aliujua. Fukusi, mdudu mdogo kama punje, hula mmea mkavu kimyakimya, kisha humwachia mwenye mali vumbi. Ndiyo maana pale sheria ilikuwa moja: hakiingii kitu kutoka nje kabla ya kulala kwenye friza mpaka kila chenye uhai ndani yake kife. Hata koti la mkurugenzi liliwahi kulala humo, na mkurugenzi akatetemeka hadi nyumbani.

Taratibu, kama mtu anayeogopa kuitwa, Redio akainua macho juu ya kabati. Pale ilisimama picha ya bibi, na nyuma ya picha kulikuwa na shada la maua makavu. Alilichomeka yeye mwenyewe, Shangazi asilione. Alilinunua barabarani, akaona kumpa bibi zawadi iliyoganda barafu ni utovu wa adabu.

Akaligusa. Upande mmoja ukaporomoka kama jivu, na jivu likatembea.

Akafungua jalada la chini: matobo. La kabati la pili: unga. Akatega sikio, na ukimya wa chumba kizima ukamjia kama sauti ya kutafuna. Akarudi kwenye ua la bibi. Ukingo mmoja ulikuwa umeliwa kama kucha ya mtu mwenye wasiwasi, na kwenye kikonyo fukusi mmoja alijifanya amekufa. Redio akambana kwa ukucha. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki alikivalisha nguo yeye.

Viatu vya Shangazi vikasikika kwenye korido. Shada likaenda kwenye pipa la taka, na majalada mengine yakafungwa haraka.

Shangazi aliliona jalada wazi. Akachukua kioo cha kukuzia, akainama.

"Limeliwa."

"Kidogo tu, Shangazi."

"Wewe ukiliwa sikio utasema kidogo?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo lilimtisha Redio kuliko kelele. "Wameingiaje?"

"Kuna mgeni alichomeka shada pale nyuma ya picha. Juzi. Nimeliona sasa hivi, nikalitupa."

"Juzi, na wameshakula hivi?"

"Labda walikuja na njaa."

Shangazi akashusha pumzi, pumzi ya mtu anayetaka sana kuamini. "Kama ni juzi, hawajapata muda wa kutaga. Tutagandisha kabati hili tu, mengine yamepona. Wangekuwa wamekaa siku nyingi, baba, mayai yangekuwa kila mahali. Ningefunga jengo zima leo hii, na sijui tungeokoa nini cha mama."

Redio akafungua mdomo. Unga wa kabati la pili ulikuwa bado umemganda vidoleni. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Redio haikushika stesheni yoyote.

Shangazi akamwita mlinzi wa getini aje kusaidia kubeba majalada hadi kwenye friza. Mlinzi akaingia na tabasamu lake, akainama kusogeza pipa lililoziba njia, akasita.

"Aa, jamani, shada la watu mmelitupa?" Akamgeukia Shangazi. "Siku huyu kijana analipitisha pale getini, nilimwambia, mwanangu una heshima, bibi yako huko aliko anafurahi. Nakumbuka mvua zilikuwa hazijaanza. Leo hata matope yamekauka."

Shangazi akalitua jalada mezani. Akayatazama makabati, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho mlangoni. Kisha akamtazama Redio.